Sumaku haivunji ukuta wa bakteria

Jumanne iliyopita nilitoa DNA kwenye sampuli 24 za bakteria kwa mkupuo mmoja. Ishirini zilikuwa E. coli, nne Staphylococcus aureus, zote zimelala kwenye inkubeta usiku kucha kwa nyuzi 37. Jioni nilipozipima, E. coli zilinipa nanogramu 40 hadi 60 kwa kila mikrolita. Zile nne hazikufika hata nanogramu moja.

Nikazishuku chembe za sumaku. Kopo lilikuwa limekaa sana kwenye friji, nikadhani zimechoka. Chembe hizi ni vipunje vya oksidi ya chuma vilivyovikwa silika, madini yanayotengeneza kioo. Ukizitikisa, tyubu nzima inageuka kahawia kama maji ya mto baada ya mvua. Kwenye tyubu hiyo kuna chumvi kali ya guanidini, ambayo huinyang'anya DNA maji yanayoizunguka mpaka ikaganda kwenye silika. Boom na wenzake wa Amsterdam ndio waliochapisha njia hii ya guanidini na silika mwaka 1990. Ukisogeza sumaku, chembe zinakimbilia ubavuni mwa tyubu, maji yanabaki maangavu. Unayafyonza, unaosha mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha unatia bafa, yaani maji maalumu yasiyo na chumvi nyingi, DNA inaachia. Hatua hizo zote hazihitaji sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, na umeme ukikatika katikati ya kazi sumaku inaendelea kuvuta. Kwetu hilo si jambo dogo.

Mama mmoja wa maabara yetu, ambaye alianza kuotesha bakteria kabla sijazaliwa, alitazama karatasi yangu ya matokeo akaniuliza swali moja tu: "Hizi nne ukuta umeuvunja na nini, mwanangu?"

Nikamjibu: lisozimu, kimeng'enya cha kuvunja ukuta, kama zile nyingine.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Staphylococcus aureus ana ukuta mnene, na sukari za ukuta huo amezibandika vikundi vya asetili vinavyoizuia lisozimu isiukate. Anayemweza ni lisostafini, kimeng'enya kinachokata madaraja ya glisini yanayofunga ukuta huo. Chembe zangu hazikuwa na kosa lolote. DNA ilikuwa bado imefungiwa ndani, zingeshika nini?

Alhamisi nikarudia. Lisostafini kwanza, nyuzi 37, nusu saa. Baadaye ndipo nikatia proteinezi K na kupandisha joto hadi nyuzi 56. Mpangilio huo usiubadilishe: proteinezi K hula protini, na lisostafini nayo ni protini. Polepole yale maji yenye ukungu yakaanza kung'aa, na nilipoyavuta kwa pipeti yakawa mazito kidogo. Nilifurahi kabla hata ya kufika kwenye sumaku. Vipimo vya jioni: 31, 35, 38 na 29.

Kuna mambo mawili ya mwishoni ambayo nayafuatilia kwa jicho kali. La kwanza ni kukausha. Ethanoli ikibaki itaharibu PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi, lakini chembe zikikauka kupita kiasi zinapasuka nyufa kama udongo wa kiangazi, na DNA inagoma kuachia. Maelekezo yetu yanasema dakika kumi. Chini ya kiyoyozi chetu, dakika nne zinatosha. Siangalii saa, naangalia mng'ao: ukitoweka tu, natia bafa.

La pili ni la usalama. Maji taka yenye guanidini usiyamwagie jiki kamwe. Yanatoa gesi yenye sumu. Sisi tumeyatengea chupa yake yenye maandishi mekundu, na kila mwanafunzi wa mazoezi namwonyesha chupa hiyo siku ya kwanza, kabla hajashika pipeti.

Kesho nina sampuli saba za Klebsiella, bakteria mwingine. Leo nimegusa koloni moja, yaani kitone cha bakteria walioota pamoja, kwa kitanzi, nikainua, ute ukanifuata kama mlenda. Ute huo unanasa chembe, na sumaku inazivuta kwa shida, kwa hiyo nitachukua koloni kidogo kuliko kawaida na kuongeza maji ya kuvunjia. Mama ameshaniambia atapita saa nne kuziangalia kabla sijatia chembe.