Mwembe wa jirani

Mvua ya vuli alfajiri hii hapa Tanga imeung'oa mwembe wa jirani. Umelalia banda langu la kuku, mabati matatu yamejikunja kama karatasi. Kuku wazima, alhamdulillahi.

Mwezi wa nane nilimwambia, "Mzee wangu, shina limeliwa na mchwa."
Akacheka. "Huu kaupanda marehemu baba. Hauanguki."

Mjumbe kaja asubuhi. Kasema mvua ni ya Mungu, ila aliyeonywa ana lake la kujibu.

Nikajiandaa kugombana.

Mzee kaingia na panga na ndoo ya maembe mabichi. Kimya. Kakaa juu ya gogo, akawa anapapasa lile gome.

Bei ya bati ikanikwama kooni.

Nyie mngemdai?