Adui anayemlinda babu wa steringi

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ya safari za wakati iliuawa na mdogo wangu wa kiume, mtu ambaye hasomi riwaya kabisa. Nilimpa kurasa 212. Siku mbili baadaye akanirudishia, kona ya ukurasa mmoja tu ikiwa imekunjwa.

"Dada, huyu adui wako si ana mashine ya kurudi nyuma?"

"Anayo."

"Sasa mbona asirudi akamnyonge Rehema akiwa bado kichanga? Hadithi iishe ukurasa wa tano, sote tulale."

Nilicheka. Nikaenda kuosha vyombo, na nikiwa na sufuria mkononi nikagundua kwamba sina jibu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Daraja linakatika, watu 38 wanakufa maji, na mmoja wao ni mama yake Rehema, ambaye wakati huo ana miaka sita. Miaka ishirini baadaye Rehema anaipata mashine na anataka kurudi kuizuia ajali. Mzee Kombo, aliyeiunda mashine hiyo, anampinga. Kwa nini anampinga? Katika rasimu ile, kwa sababu yeye ni mbaya. Nilimpa hata kicheko. Kuna mahali anasema anataka "kuimiliki kesho", na hadi leo nikiufikia mstari huo nageuza karatasi.

Katika hadithi ya kawaida ubaya wa namna hiyo unaweza kupita. Adui ana bunduki, ana watu, muda unayoyoma, steringi anakimbia. Lakini mtu mwenye uwezo wa kurudi jana humtishi kwa saa ya ukutani. Akichelewa, anarudi. Akipigwa, anarudi akiwa amejiandaa. Mimi nilijaribu kuziba pengo hilo kwa kumwongezea Kombo vitu: wapambe, maabara ya chini ya ardhi, mashine ya pili yenye kasi zaidi. Kila nilichoongeza kilizidisha swali la mdogo wangu. Mtu mwenye vyote hivyo, anashindwaje na binti mmoja?

Nikakimbilia fizikia. Nilisoma kwamba mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kuwa milinganyo ya Einstein ya uvutano inaruhusu, angalau kwenye karatasi, ulimwengu unaozunguka ambamo msafiri angeweza kuirudia jana yake mwenyewe. Nilisoma hoja ya mwanafizikia Igor Novikov, kwamba tukio lolote litakalojipinga lenyewe haliwezi kutokea. Nilimpenda zaidi mwanafizikia mwenzake Stephen Hawking, aliyeandaa tafrija ya wasafiri wa wakati mwaka 2009 na kutuma mialiko baada ya tafrija kwisha. Hakuja mtu. Raha tupu, ila hakuna hata mmoja wao aliyenipa ugomvi. Wanachokupa ni uwanja, na kila uwanja una ugomvi wake. Ukisema yaliyopita hayabadiliki, steringi na adui hawawezi kushindana juu ya nini kitokee. Watashindana juu ya nani ameelewa kilichotokea. Inawezekana, na ni nzuri ikipata fundi. Ukisema kila badiliko linazaa ulimwengu mwingine, basi mimi binafsi nafunga kitabu, maana mama atakuwa amepona huko na amekufa hapa, na wote wawili wanaweza kwenda nyumbani wameshinda.

Nilichagua wakati uliopita ubadilike, na uwe mstari mmoja. Kisha nikaandika sharti moja kwenye kipande cha karatasi nikalibandika juu ya meza: siku uliyowahi kuivuta pumzi imekufungia mlango.

Yaani huwezi kurudi kwenye siku yoyote uliyokwisha kuiishi. Unaweza kwenda kabla hujazaliwa tu, na huko nako kila siku unaingia mara moja, basi. Sharti lenyewe lilikuja kwa uvivu, nikikwepa kuandika Rehema wawili kwenye chumba kimoja. Lakini nilipolishika kwa nguvu, likaanza kuandika lenyewe.

Kombo ana miaka 61. Siku Rehema alipozaliwa, Kombo alikuwa hai mahali fulani akifanya mambo yake. Hawezi kurudi kumnyonga kichanga yeyote aliye mdogo kwake. Jibu la mdogo wangu hilo! Na Rehema naye hawezi kuifikia siku ya ajali, kwa sababu alikuwapo, ana miaka sita, anangoja mama arudi. Wote wawili wamefukuzwa kwenye siku wanayoigombea. Kilichobaki kwao ni zamani zaidi: siku zile 400 za kulijenga daraja, miaka mitatu kabla ya Kombo kuzaliwa. Rehema anataka nguzo ya tatu iimarishwe. Kombo anataka ibaki ilivyo.

Nilifurahi kwa muda wa kama saa moja, halafu nikajiuliza kwa sauti ya mdogo wangu: basi si amuue babu yake Rehema? Kitendawili cha babu, kile kile cha siku zote: babu akiuawa mapema, mjukuu hazaliwi. Hapo ndipo nilipomfanya babu kuwa fundi mkuu wa daraja. Kombo akimgusa, ataletwa fundi mwingine, nguzo itakuwa nyingine, na daraja halitakatika siku ile. Kwa hiyo katika sura ya nane kuna jukwaa la mbao linaloyumba, babu anateleza, na anayemdaka mkono ni Kombo. Adui wa kitabu changu anatumia siku zake kumlinda babu wa steringi. Rehema naye hawezi kuwagusa wazazi wa Kombo, maana bila Kombo hakuna mashine, na bila mashine hakuna wa kumwokoa mama. Kila mmoja amemkaba mwenzake kwa mkono anaouhitaji.

Lakini kwa nini Kombo anataka daraja likatike? Swali hili nililichelewesha makusudi, nikidhani ni dogo. Nililijibu usiku mmoja kwa sentensi moja: Kombo alikutana na mkewe kwenye foleni ya watu waliokwenda kutambua maiti. Binti yao, Zawadi, alizaliwa miaka miwili baada ya ajali. Daraja likisimama, Zawadi hayupo.

Kicheko cha Kombo nilikifuta usiku ule ule. Kilichoniumiza ni kuangalia upande wa pili. Baba yake Rehema alioa tena. Mke wa pili akamzaa Idi, ambaye sasa ana miaka 17 na ndiye anayeibeba mizigo yote ya Rehema tangu sura ya kwanza. Nilimweka pale kwa ajili ya utani na betri za akiba. Idi hakuwa amezaliwa siku ya ajali. Mlango ule uko wazi kwake. Ni yeye anayeweza kwenda kusimama pale barabarani na kumzuia mama wa Rehema asipite, na ni yeye ambaye akifanikiwa hatakuwa na pa kurudi.

Zawadi pia anaweza kwenda. Kombo amekataa kumtuma, hata kwenda kulinda ajali iliyomzaa. Rehema, akishapoteza siku zake zote za maana kule kwenye ujenzi, atamwomba Idi aende. Nilisoma muhtasari huo mara mbili nikaona kwamba mtu pekee kitabuni anayekataa kumtoa mwenzake kafara ni yule niliyekuwa nimempa kicheko.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya uzi na pini. Nyuzi mbili ukutani, nyekundu ya Rehema, bluu ya Kombo, zikipita juu ya siku 400, kwa sababu hawaingii kwa mpangilio mmoja. Rehema anaanza na siku ya 310. Kwa Kombo siku hiyo ndiyo ya mwisho. Nilipotea sana humo. Kilichonisaidia ni majeraha. Rehema anamwunguza Kombo mkono siku ya 95, kwa hiyo popote Kombo anapotokea na kovu, msomaji anajua kwamba kwa Kombo hilo limekwisha, ingawa kwa Rehema huenda bado. Nilisahau kovu mara mbili, na mara zote mbili taharuki ilivuja kama ndoo iliyotoboka.

Mkutano wao wa kwanza, yaani wa kwanza kwa Rehema, sasa hauna mapigano. Anashuka siku ya 310 akiwa na ramani na hasira. Anamkuta mzee mwenye mkono wenye kovu amekaa juu ya mawe, hana haraka.

"Shikamoo," Rehema anasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu." Mzee anamtazama mpaka anamchosha. "Kumbe leo bado hujanichukia."

Rehema haelewi. Itamchukua sura kumi kuelewa.

Nimempa mdogo wangu rasimu ya pili juzi. Safari hii aliisoma usiku mzima, najua kwa sababu taa yake ilikuwa inawaka. Asubuhi alikuja na karatasi zote mkononi. Alisema Idi amemuuma moyo. Alisema Kombo angekuwa mjomba wake asingemlaumu. Nikaanza kuvimba kichwa.

"Ila, dada," akasema, "Idi akienda huko nyuma na kuiharibu ajali, hafutiki, si ndiyo? Anabaki tu huko, hana pa kurudi?"

"Ndiyo. Ndilo sharti."

"Sasa Mzee Kombo si ampeleke Zawadi huko nyuma kabla daraja halijaguswa, akae salama? Wanagombea nini?"

Vyombo vilikuwa vimejaa. Nikaenda kuviosha.