Barua ya Rosa, simu ya binti yangu

Juzi umeme ulikatika mapema, tukala kwa taa ya kuchaji, watoto wakaenda kulala mi nikabaki sebuleni. Simu ya binti yangu mkubwa ilikuwa mezani, ndo utaratibu wa kwetu, saa tatu simu zinalala sebuleni, na yeye amekubali kwa shingo upande. Ana miaka 15, yupo kidato cha pili. Saa nne kasoro hivi ikalia wasap, kioo kikawaka, nikaona jina la mtumaji ni herufi moja tu, K, na pembeni ya hiyo K kuna emoji ya ua la waridi.

Jamani. Herufi moja na ua.

Namba ya siri naijua, ni tarehe yake ya kuzaliwa na hajawahi kuibadilisha, mkono ukaenda wenyewe kabisa. Nikaishika ile simu nikakaa nayo kiganjani kama dakika nzima, halafu sijui ilikujaje nikamkumbuka Zakaria, nikairudisha mezani kama imeniunguza.

Zakaria ni babake Rosa kwenye Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Mzee wa Ukerewe, mlevi, ada za watoto hazimhusu, anayehangaika nyumba isimame ni mkewe Regina. Sasa siku anagundua bintiye kaandikiwa barua na kijana anaitwa Charles, na ndani ya barua kuna hela, ghafla anakuwa baba. Rosa anapigwa kipigo ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Na ile hela, ushahidi wenyewe wa aibu, Zakaria anaenda kuinywea pombe. Huwa naona kitabu kizima kiko hapo tayari, kwamba heshima ya familia imeshalipiwa na mgongo wa mtoto na chenji imebaki kwa mzee.

Basi nikaenda kukitafuta kitabu. Kopi yangu ni ile ile ya shule, jalada nimelibandika na selotepu ambayo sasa hivi imekuwa rangi ya chai, na pembeni mwa kurasa kuna maandishi yangu ya peni ya bluu, "MALEZI MABAYA!!" na mishale. Mwalimu wetu alitupa swali, kwamba tujadili nani wa kulaumiwa kwa yaliyompata Rosa, mi nikaandika Zakaria mwanzo mwisho, hoja sita na mifano, nikapata kumi na sita kwenye ishirini na nikajiona mjanja sana.

Ila kusema ukweli nilikuwa namwandikia shangazi yangu.

Nililelewa na shangazi Mwanza, na nikiwa na miaka hiyo hiyo ya binti yangu niliandikiwa barua. Karatasi ya daftari la hesabu, ile ya viboksi, imekunjwa mpaka imekuwa kama sambusa, ndani kapuliza poda ya mtoto. Nikaificha chini ya kreti la soda za dukani, mahali pa kijinga kuliko pote duniani kwa sababu soda zinauzwa. Shangazi akaikuta. Hakunipiga, na hapo ndo tofauti yake na Zakaria, alichofanya ni kuwa jioni tumekaa uani na wageni wawili wa jumuiya, tunachambua dagaa, akaitoa kwenye kanga akaanza kuisoma kwa sauti. "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Wageni wakacheka mpaka machozi, kwa sababu huyo kijana alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, upeo wa macho gani! Hata mimi leo nacheka. Ila siku ile niliendelea kuchambua dagaa, kichwa chini, nang'oa vichwa hata vya dagaa ambao nilishawang'oa.

Muhula uliofuata nikapelekwa bweni. Yule kijana yeye alibaki hapo hapo mtaani, nilikuja kusikia mjomba wake alisema tu "dume limeanza kukua". Sikuwahi hata kumjibu ile barua.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilimbebesha Zakaria kila kitu. Ila usiku wa juzi, nasoma na mwanga wa taa unazidi kuwa wa njano, nikaona kitu ambacho zile hoja zangu sita zilikiruka kabisa. Rosa hamalizwi na Zakaria. Kipigo kinamharibu kweli, kinamfanya awaogope wanaume, shule ya masista kule Mwanza inamfungia mlango wa pili, halafu siku milango yote inafunguliwa kwa mpigo, yuko chuo cha ualimu Morogoro hajui hata aanzie wapi, na miongoni mwa wanaomsubiri nje ya geti yumo mkuu wa chuo mwenyewe. Yote hayo ni kweli. Lakini anayapita. Anatoka upande wa pili akiwa mwalimu, ametulia, na Charles anarudi, yule yule wa barua, na anampenda. Msomaji unapumua.

Halafu Charles anataka kujua kama Rosa ni bikira. Basi. Na akishajua, mapenzi yanaishia hapo na Rosa anajiua.

Sasa huyu Charles hakulelewa na Zakaria. Hanywi pombe na hapigi mtu. Ni kijana msomi wa kisasa wa miaka ile ya uhuru, na nakuapia kwenye ukumbi wowote wa harusi tungemshangilia. Ile fimbo aliyoishika mzee mlevi, huyu kaishika kwa upole, kwa swali, na sidhani hata alijua kama ni fimbo, alidhani anauliza tu, mtu si ana haki ya kujua anamuoa nani. Zakaria alipiga Rosa akabaki hai, wa upole ndo kamaliza. Peni yangu ya bluu kwenye ukurasa ule haikuandika kitu, nilipigia mstari tu neno moja gumu ambalo pengine sikuwa nalijua.

Na lile jina. Mimi ni mkatoliki, nimesali litania ya Bikira Maria tangu sijui kusoma, kila Mei na kila Oktoba, "Waridi lenye fumbo, utuombee", na miaka yote hiyo sikuunganisha kwamba Rosa Mistika ndo hilo hilo waridi kwa Kilatini. Kezilahabi alizaliwa Namagondo huko huko Ukerewe mwaka 1944 na alipitia seminari, alijua kabisa anachofanya. Kamchukua binti kampa jina la Bikira Maria, halafu kalizungusha hadithi nzima mpaka anayempenda anamuuliza swali hilo moja. Kitabu kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni, eti kinaharibu maadili. Mi naona waliokipiga marufuku walikisoma vizuri tu, kilichowauma ni kwamba maadili yenyewe ndo yamekaa kizimbani.

Maimuna wa riwaya ya Utengano huwa namuweka karibu na Rosa japo ni dunia nyingine, Unguja, nyumba ya kitajiri. Babake Bwana Maksuudi kamfungia ndani hata dirishani asichungulie, na mwenyewe Maksuudi jioni anajipuliza manukato anaenda kwa kimada wake, Kazija. Ile sehemu ambayo Kazija anawakutanisha baba na mtoto wake wa kiume nyumbani kwake, kila mmoja kaja kwa siri, mi hucheka mpaka leo, nafikiri mwandishi wake Said Ahmed Mohamed aliiandika anacheka pia. Ila ukishacheka unaona kwamba mtoto wa kiume kwenda huko ni fedheha ya jioni moja, Maimuna kwenda tu kwenye mkutano wa kina mama ni kipigo, na baada ya hapo anatoroka mpaka anaishia kwenye danguro la Mama Jeni.

Na Yasmin wa riwaya ya Vuta n'kuvute ndo hunipa shida zaidi siku hizi, kwa sababu ya namba. Anaolewa ana miaka 15, Bwana Raza ana 52. Nilivyosoma nikiwa binti, 15 ilikuwa ni umri wa kawaida, mtu mkubwa tu. Sasa nina mtu wa miaka 15 ndani ya nyumba, naona anavyolala amekumbatia mdoli wa sungura ambao hataki marafiki zake waujue. Yasmin anakimbia ndoa, ndugu zake hawamtaki tena, kawaaibisha, na anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, shoga wa kabila lingine, chumba kimoja, kitanda kimoja, nyimbo. Mwandishi Adam Shafi hapo kafanya kitu ninachokipenda mno, heshima yote ya jamaa za Yasmin haina nafasi ya godoro kwa mtoto wao, ila Mwajuma anayo.

Watu husema hizo ni hadithi za zamani za wakoloni. Jamani, Sheria yetu ya Ndoa hapa Tanzania ni ya 1971, mwaka ule ule wa Rosa Mistika, na iliandikwa ikiruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia wakati mvulana ni 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Rebeca. Yaani mpaka 2019 tulikuwa bado tunabishana mahakamani kuhusu umri wa Yasmin. Naandika hivi na yule wa sungura anakoroma chumba cha pili.

Nikaanza kujiuliza sasa mama anamwambia nini binti, maana hawa waandishi niliowataja wote ni wanaume, mama kwenye vitabu vyao mara nyingi analia au anaachwa. Aliyeandika kama mama ni Mwana Kupona, 1858 huko, anaumwa, mumewe Bwana Mataka wa Siyu keshafariki, na anamtungia utenzi bintiye Mwana Hashima. Shuleni tuliuponda sana utenzi ule, mtii mume, msimamie akila, usimkasirishe, hata pepo yako ipo mkononi mwake. Bado yananikera, sifichi. Ila kuna mahali mwanzoni anamwambia mwanawe njoo nikupe hirizi, na nikutungie kidani cha lulu na marijani. Hirizi! Hirizi huvishwa mtoto unayeona kuna kitu kinakuja kumdhuru na wewe hutakuwepo. Alijua jamii anayomuachia, akamfunga shingoni kile alichokuwa nacho. Sijui kama ningekuwa kisiwani Pate mwaka ule nina homa na binti mdogo ningeandika tofauti, pengine ningeandika yale yale ila kwa vina vibovu.

Na mimi hirizi yangu ndo nini? Utaratibu wa saa tatu? Nilikuwa nimejisifia moyoni kabisa kwamba sikuifungua simu, mi si Zakaria, mi si shangazi. Halafu nikajikuta napanga nitakavyomuuliza asubuhi, kwa upole, tukikaanga maandazi, eti "mwanangu huyo K ni rafiki yako wa darasani?", na sauti nimeshaiandaa, ile laini ya mama muelewa, na nikaisikia kabisa hiyo sauti kichwani na haikuwa ya Zakaria. Ilikuwa ya Charles.

Hapo nikafunga kitabu kwa sababu taa ilikuwa imebaki kama kiberiti.

Mlango wa chumba cha watoto ukalia, akatoka kajifunga shuka, anaenda msalani, anarudi akanikuta nimekaa gizani na simu yake iko mbele yangu. Akasimama. Jinsi alivyoniangalia naijua ile, nimeshawahi kuangalia mtu hivyo uani na sahani ya dagaa mapajani.

"Mama umeisoma?"

"Sijaisoma. Ililia tu."

Akaja akaichukua, akaifungua pale pale nimemkodolea macho, akasoma amesimama, mwanga wa kioo umempiga usoni, akacheka kidogo kwa puani kile kicheko cha kujizuia, akaandika kitu kifupi, akairudisha mezani imelala kifudifudi.

Nikajikaza. Nikajikaza tena. Kafika mlangoni nikashindwa.

"Nani huyo usiku wote huu?"

"Mtu tu, mama," akasema, akaenda kulala.