Kumvizia Bata Mzinga Mwitu Asiyelia

Majira ya kuchipua huko Marekani, kukipambazuka bila mlio wa dume hata mmoja, wawindaji wengi hufungasha na kurudi garini. Mapema mno! Dume hunyamaza akiwa na majike karibu, akiwa ameshachoshwa na wawindaji wanaoiga milio ya majike, au akiwa bado mdogo na anaogopa kipigo cha wakubwa. Katikati ya asubuhi majike huenda kwenye viota, naye hubaki peke yake akizurura. Hapo, kuanzia kama saa tatu, ndipo kibanda, yaani hema dogo la kujificha mwindaji wa upinde, kinapolipa. Soma kanuni za jimbo kwanza: New York, kwa mfano, hufunga uwindaji wa majira hayo saa sita mchana.

Pa kuweka kibanda pasomwe ardhini. Kinyesi cha dume ni kirefu, kimepinda mwishoni. Cha jike kimejisokota. Mistari vumbini pande mbili za nyayo ni ncha za mabawa ya dume aliyekuwa akijitutumua. Kaa angalau mita 100 kutoka miti wanayolala.

Kibanda kipya hakimshtui sana bata mzinga. Kinachomkimbiza ni mwendo ndani yake, kwa maana macho yake ni makali ajabu. Funga madirisha yote ya nyuma, vaa nguo nyeusi, glavu na kitambaa cha uso, kisha kaa mbali na dirisha la mbele. Kabla ya kuanza kungoja, vuta upinde ukiwa umekaa kitini: je, ncha ya juu inagusa paa? Ya chini inagonga goti? Kosa linaloharibu mishale mingi ni hili: jicho linaona shabaha vizuri, ilhali mshale uko sentimita kadhaa chini ya jicho, nao unachana ukingo wa dirisha. Wavu wa dirishani pia uondolewe kama chembe zako (ncha za mishale) ni za visu vinavyofunguka, kwani huweza kufunguka wavuni na mshale ukapinda njia.

Ndege bandia wa kumvutia wasizidi mita 8 kutoka kibandani. Dume bandia mchanga aelekee kibandani. Dume halisi hupenda kumkabili mpinzani uso kwa uso, kwa hiyo atazunguka na kukupa mgongo. Mkia uliotandazwa ukiziba macho yake, vuta.

Milio yako ya kuiga jike iwe michache na ya chini: miwili mitatu, halafu kimya cha dakika 20. Kukwaruza majani makavu, kama ndege anayechakura, mara nyingine hushinda kifaa chochote cha kuigia mlio. Macho yasiache kutazama, maana huyu huja bila taarifa.

Upinde wa kapi (wenye magurudumu madogo ya kamba nchani) wenye uzito wa kuvuta kilo 20 hivi unatosha, tena unaushikilia muda mrefu zaidi, mradi sheria ya jimbo inauruhusu. Akiwa ubavu, fuata mguu kwenda juu hadi shina la bawa. Akikupa mgongo akiwa ametandaza mkia, lenga shina la mkia. Manyoya yaliyotuna hudanganya sana. Sehemu ya kuua haizidi ngumi.

Akipigwa akakimbia, baki ndani na uangalie alikoelekea. Ukimkurupukia anaweza kuruka na kupotea. Ukimbeba, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya machungwa, mwindaji mwingine asije akamfyatulia.