Presha ya macho: nilivyojifunza kulenga tone

Mteja akinikuta natunga uzi kwenye sindano, mara moja tu umepita, haamini nikimwambia jicho langu la kushoto limeshaharibika. Ni presha ya macho, glakoma, na ndiyo tabia yake. Huanza kula uoni wa pembeni, katikati hukuachia mpaka mwisho. Sindano naiona vizuri na miwani yangu ya kusomea, ila mtoto akisimama kushoto kwangu simjui mpaka nimemkumba. Sikuwahi kuumwa, wala jicho halikuwa jekundu. Nilikwenda kutafuta hiyo hiyo miwani, wakanipima, ikaonekana presha ni 34, na kawaida ni kati ya 10 na 21.

Basi wakaja washauri. Jirani yangu alitolewa mtoto wa jicho akaona upya, akanishikia bango nami nikatolewe wangu. Mwenzangu, mimi sina mtoto! Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, wanaitoa wanaweka nyingine. Kwangu kinachokufa ni mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokwenda hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki. Mwingine akaniletea asali nitie machoni. Mwingine kichupa cha dawa ya muwasho alichonunua dukani bila cheti. Hicho nilikipeleka kliniki, daktari akasoma kibandiko akaguna: mna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, na ukiitia machoni muda mrefu inaweza kuipandisha hiyo presha yenyewe. Na watu wanaazimana!

Nimeandikiwa matone ya aina mbili, timolol asubuhi na usiku, latanoprost usiku tu. Mwenye pumu aseme mapema kabla hajapewa timolol, maana inabana kifua, hapo hakuna mzaha.

Sasa kulitia hilo tone. Nilisimama mbele ya kioo cha wateja, kichwa nimekirudisha nyuma, kichupa juu. La kwanza likaangukia pua. La pili likakaa juu ya kope, likateremka shavuni mpaka kwenye kola. La tatu jicho lenyewe lililikwepa; likiona kitu kinakuja linajifunga, halikuombi ruhusa. Nikamwita mwanangu. Huyo mkono ulikuwa unamtetemeka, "Mama, usipepese," mimi napepesa, dawa inaingia sikioni, tunacheka wote wawili kama wehu. Kichupa cha mwezi kikawa hakifiki mwisho wa mwezi, na latanoprost ni ghali, bei inategemea duka na inategemea sura yako. Sikio langu limetibiwa kwa pesa nyingi.

Ukombozi ukawa meza ya kukatia vitambaa. Nalala chali juu yake, mkono wenye kichupa nauegemeza kwenye paji la uso usicheze. Kwa mkono mwingine navuta kope ya chini mpaka inafanya kimfuko, natazama dari kule nyuma ya kichwa, nadondosha mfukoni. Mifuko ndiyo kazi yangu, ningeikosaje?

Na kama limeingia nitajuaje, nisiongeze jingine bure? Kwa ubaridi. Dawa ikiwa baridi unaisikia ikitua. Friji sina, na hapa Tanga joto halina adabu, wakati latanoprost iliyokwisha kufunguliwa isizidi nyuzi 25. Kichupa nakifunga kwenye nailoni, nakiweka ndani ya chupa ya jemu yenye kifuniko, chupa naiacha ielee ndani ya mtungi wa maji pale kivulini. Mtungi unatoa jasho nje, ndani panapoa. Ambacho hakijafunguliwa kinataka friji hasa, kwa hiyo nanunua kimoja kimoja. Wiki nne zikipita tangu kufunguliwa nakitupa hata kikibaki.

Baada ya tone nafumba jicho taratibu, bila kukaza, nabana kwa kidole ile kona ya karibu na pua, dakika mbili hivi. Usipobana dawa inateremka kooni, utaijua kwa uchungu wake, na inaingia kwenye damu isikotakiwa. Kati ya dawa moja na nyingine nangoja dakika tano, vinginevyo ya pili inaiosha ya kwanza. Vichupa vinafanana, na usiku umeme ukikatika ndiyo basi, kwa hiyo vya timolol nimevizungushia uzi mwekundu mnene, naupapasa.

Kope zangu zimerefuka, ni latanoprost hiyo. Wasichana wananiuliza nabandika wapi. Siwaambii.

Kipimo cha mwisho presha ilikuwa 16. Daktari akaniuliza kama kuna ndugu waliopimwa, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Nikamburuza kaka yangu, akilalamika njia nzima kwamba anaona mpaka mende gizani. Anayo. Jana kanipigia simu kwa hasira, dawa yote imeishia kwenye ndevu. Nimemwambia aje alale mezani.