Kisu cha Babu Kinarudi Mfukoni

Kisu cha kukunja alichokitumia babu yangu kilikaa kwa miaka mingi ndani ya kopo la misumari, na nilipokitoa hakikufunguka. Bapa lilikuwa limeshikana na springi, ule ukanda wa chuma ndani ya mpini unaolibana bapa, kwa kutu na uchafu mkavu, vibao viwili vya mfupa kwenye mpini vilikuwa vimegeuka rangi ya asali iliyoiva, na karibu na pini moja palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Sikutaka kukisafisha ili nikiweke kabatini. Nilitaka kisu cha kutembea nacho, cha kukata kamba, kumenya tunda na kuchonga penseli kila siku, na uamuzi huo ndio uliotawala kazi yote iliyofuata, kwa sababu kisu cha kutumiwa hakihitaji kung'aa. Kinahitaji kufunguka, kukata na kufungika bila kumjeruhi mwenyewe.

Jambo la kwanza nililojiwekea ni kutokiloweka. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilikiharibu kisu kingine cha aina hii kwa kukitumbukiza chote ndani ya siki usiku kucha, nikiifikiria kutu peke yake. Kutu ilitoka, lakini mfupa nao ulitoka mweupe kama chaki, ukawa laini juu yake na ukaanza kumomonyoka kando ya pini. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu: takriban thuluthi mbili za uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalisi na fosfeti, na asidi huyayeyusha madini hayo. Maji ya moto nayo si rafiki wa mfupa, kwani huutanua na kuukausha bila usawa, na hapo ndipo nyufa huanzia kwenye matundu ya pini. Kisu kile bado ninakijutia.

Kwa hiyo safari hii nilitumia mafuta ya cherehani na subira. Nilidondosha matone mawili kwenye kiungo, nikakilaza kisu ubavu, nikakiacha hadi kesho yake, nikarudia. Mafuta ya kupikia sikuyagusa, maana hukauka na kuwa kama gundi, na nadhani nusu ya ukaidi wa kisu hiki ulitokana na mafuta ya namna hiyo yaliyowahi kutiwa zamani. Siku ya tatu bapa lilisogea upana wa ukucha. Nililifungua na kulifunga kidogo kidogo, na kila mara kulitoka tope jeusi lenye chembe nyekundu kandokando ya kiungo, nikalifuta kwa kitambaa, nikaongeza tone. Mferejini mwa mpini nilitoa kwa kijiti cha meno donge la nyuzi za mfuko wa suruali lililogandamana hadi kuwa gumu kama kizibo. Mafuta yalipoanza kutoka safi bila tope, springi ikarudia kazi yake, na bapa likafunga kwa mlio mmoja mkavu ambao nilikuwa nimeusahau tangu utotoni.

Kuhusu kutu, naomba msomaji atofautishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kutu nyekundu, ile ya unga, inakula chuma na lazima iondoke. Doa la kijivu au la samawati iliyofifia, lililo laini ukilipapasa kwa kidole, ni ngozi ambayo chuma cha kaboni hujijengea kwa kutumiwa, nayo hupunguza kasi ya kutu mpya. Visu vingi vya zamani vya aina hii vilitengenezwa kwa chuma cha kaboni; hata baada ya Harry Brearley kuvumbua chuma kisichoshika kutu huko Sheffield mwaka 1913, mafundi wengi waliendelea nacho kwa sababu hunoleka kwa urahisi. Niliikwangua kutu nyekundu kwa ukingo wa kipande cha shaba kilicholoweshwa mafuta, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma kilichopikwa motoni ili kiwe kigumu na haiachi mikwaruzo. Vishimo vilivyobaki nimeviacha. Kuvifuta kungenilazimu kulisaga bapa zima, na pamoja nalo ningeifuta chapa ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye shina la bapa, ambayo tayari imefifia kiasi kwamba inasomeka tu ukiielekeza kwenye mwanga wa pembeni.

Kulikuwa na tatizo ambalo sikulitarajia. Kisu kilipofungwa, ncha ya bapa ilijitokeza juu ya mpini, kiasi kidogo tu, lakini kinachotosha kuchana mfuko au kidole. Sababu yake ni kunolewa. Kila bapa linapoliwa upande wa makali, ncha husogea kuelekea mgongo, na hivyo huinuka likiwa ndani ya mfereji. Dawa yake iko kwenye kile kijisigino kidogo mwanzoni mwa makali ambacho hulala juu ya springi kisu kikifungwa: kikipunguzwa kwa tupa laini, bapa zima huzama zaidi. Lakini ukizidisha, makali yatagonga springi kila unapofunga, na kisu kitakuwa butu mahali pamoja bila wewe kujua kwa nini. Nilipiga tupa mara tatu, nikaweka ukanda wa karatasi nyembamba ndani ya mfereji, nikafunga taratibu, nikautoa na kuutazama. Nilirudia hivyo mara nne. Ncha ilipojificha, karatasi ilikuwa bado haina alama, kwa kuwa bapa lililoliwa na miaka mingi ya kunolewa lilikuwa limeacha nafasi.

Kunoa kulikuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Nilikwepa kabisa jiwe la mashine, kwa sababu chuma cha namna hii kikipata joto la nyuzi mia mbili na zaidi za Selsiasi huanza kupoteza ugumu wake, na makali membamba hufika huko ndani ya muda mfupi sana kabla mkono haujahisi. Jiwe la kawaida la kunolea, pembe ya nyuzi zipatazo 20 kila upande, mpaka kidole kikasikia upande wa pili ule ukunjo mwembamba wa chuma kutoka mwanzo wa makali hadi nchani. Kisha jiwe laini zaidi, na mwisho mkanda wa ngozi.

Mfupa wenyewe niliufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaukausha papo hapo, nikaupaka nta ya nyuki kiasi cha kufunika ncha ya kidole. Sikuupiga msasa. Rangi ile ya asali imekaa juu juu, na mahali ambapo kidole gumba cha babu kilikuwa kikishika pamelainika na kuwa na bonde dogo ambalo kidole changu sasa hulala bila kutafuta.

Ninakitumia kila siku. Baada ya kukata tunda lenye uchachu hukifuta mara moja, nacho kimeanza kujipatia madoa mapya ya kijivu karibu na ncha. Ufa ule niliutia tone moja la gundi nyepesi ikauingia yenyewe, na mwisho wake nimeweka nukta ya penseli ili nijue ukisogea. Nimeuangalia mwanzo wa kila mwezi kwa miezi saba, na haujaivuka nukta.