Nilivyowatoa mapacha wangu kwenye kuhesabu vidole

Mi nauza dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nina mapacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, wote darasa la nne. Mwezi wa tatu mwalimu wao wa hisabati akaniita, nikaenda na harufu yangu ya dagaa hivyo hivyo maana nilitokea sokoni moja kwa moja, akanitolea karatasi mbili za jaribio. Doto 31 kwa 50, Kulwa 14. Halafu akasema neno lililoniuma kuliko hizo maksi, eti mama Kulwa, huyu binti anahesabu kwa vidole chini ya dawati, vya mikono vikiisha anavua kiatu, ndio maana muda unaisha hajafika hata nusu.

Kilichonichanganya ni kwamba Kulwa huyo huyo jumamosi nikimkalisha mezani kwangu hanipotezei hata mia. Mteja anabeba sado tatu za elfu nane nane, anatoa noti tatu za elfu kumi, mtoto anarudisha elfu sita kabla mi sijafungua pochi. Sasa usiku ule nikamuuliza tukiwa jikoni, nane mara tatu ngapi? Akaanza vidole. Nikamwambia haya, sado tatu za elfu nane je? "Elfu ishirini na nne," kajibu bila hata kunitazama, anaendelea kuchambua mchele wake. Nikabaki nimemkodolea macho.

Tuisheni nilijaribu, ipo moja kwetu Kitangiri, ila watoto wamejazana mle kama dagaa kwenye kiroba, mwalimu mmoja, nikalipa wiki tatu nikaacha.

Ndio nikaenda kwa kijana wa steshenari ninayetolea kopi zangu, kijana mstaarabu, akaniamkia shikamoo mama, nikamweleza shida, akasema mama mbona gemu za hesabu zipo kibao kwenye simu tena za bure. Za bure kweli, ila bure yenyewe ndo hiyo. Ya kwanza niliyoweka ilikuwa inang'aa rangi zote, mwanasesere, magari, muziki, watoto wakafurahi mpaka wakasahau kula, na kila baada ya maswali mawili matatu linakuja tangazo la video. Bando la wiki likaisha siku ya pili. Siku ya tatu Doto kabonyeza sijui wapi ikaingia meseji "umejiunga kikamilifu", nikaanza kukatwa mia mbili kila siku mpaka nilipoenda kujitoa. Jina la gemu silitaji, zinafanana zote.

Ila hapo nilijifunza kitu ambacho hadi leo ndicho kipimo changu. Nilikaa pembeni ya Kulwa na kiberiti mkononi, kila akijibu swali natoa njiti moja naweka chini. Dakika kumi nzima njiti zilikuwa tisa. Muda uliobaki alikuwa anamvalisha mwanasesere viatu alivyonunua kwa sarafu za kwenye gemu. Tisa! Hata kwa vidole angefanya zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo gemu yoyote naipima kwa njiti, haijalishi ina picha nzuri kiasi gani.

Kijana wa steshenari akanibadilishia, akaniwekea gemu inaitwa GCompris kwa waifai yake. Hii ni ya bure kabisa, haina tangazo hata moja, na ukishaiweka inacheza bila bando, hata ukiwa kwenye boti katikati ya ziwa itacheza. Aliianzisha Mfaransa mmoja, Bruno Coudoin, mwaka 2000, na hilo jina ukilitamka linasikika kama maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nimeelewa". Ndani kuna michezo zaidi ya mia, mingine ya watoto wadogo kabisa ya kubonyeza tu, hiyo tuliiruka. Kuna ya karata zimefunikwa unatafuta 6+7 iko wapi na 13 iko wapi, unacheza na pengwini, na pengwini naye anafunua zake (Doto alikuwa anamgombeza kabisa, wewe ndege unaniibia). Lakini iliyotufaa zaidi ni ya mizani. Upande mmoja kumewekwa zawadi ina uzito fulani, wewe una mawe yameandikwa namba unayapanga upande wa pili mpaka mizani itulie. Siku ya kwanza Kulwa aliweka jiwe la 8, bado mkono umelala, uzito unaotakiwa ni 13, akakaa kimya weee halafu akachukua la 5. Nikamuuliza umejuaje. "Si nimetoa, mama." Njiti za siku hiyo hazikuwa nyingi lakini hapo sikujali, mtoto alikuwa anafikiri sio anavalisha mtu viatu.

Khan Academy, tovuti ya kujifunzia, nayo tuliionja pale steshenari kwenye kompyuta. Ni ya Mmarekani Sal Khan, alianza 2004 kwa kumfundisha binamu yake Nadia akiwa mbali naye, baadaye ikakua ikawa shirika, na mpaka leo hulipii. Nilichopenda haiharakishi mtoto na akikwama inampa dokezo hatua kwa hatua. Shida yetu ni lugha. Wanangu wako shule ya serikali, wanasoma kwa Kiswahili, sasa swali la maelezo likija kwa Kiingereza mtoto anafeli Kiingereza mi nadhani kafeli hesabu. Kwa hiyo tulichukua yale mazoezi ya namba tupu tu. Kwa maelezo ya Kiswahili tulikuwa tunaangalia Ubongo Kids, katuni ya hapa hapa Tanzania iliyoanza 2014, Doto nyimbo zake anaziimba mpaka chooni. Ila katuni ni ya kuangalia, kidole hakifanyi kazi, kwahiyo kwenye njiti haipimiki.

Sasa nije kwenye ile iliyofanya kazi kubwa, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa sura. Inaitwa Zetamac. Ni ukurasa mtupu wa mtandaoni, swali katikati, unaandika jibu, likiwa sahihi linaruka lenyewe kwenda la pili hata hubonyezi kitu, likikosewa linakungoja tu hapo. Hakuna picha, hakuna mwanasesere. Kijana aliniambia huko nje wanaitumia watu wazima wanaofanya mazoezi ya usaili wa kazi za soko la hisa. Na kwenye bando ni nyepesi mno.

Siku ya kwanza niliharibu mimi. Niliwafungulia kama ilivyo, kumbe ukiiacha ilivyo inajumlisha mpaka 100 kwa 100, na kuzidisha ni 2 mpaka 12 mara 2 mpaka 100. Kulwa akaletewa 9 mara 73. Dakika mbili zikaisha kapata 3, akanirudishia simu taratibu akaenda kulala bila kuaga. Nikajisikia vibaya, maana ni kama nimempeleka mtoto kuogelea nikamtupa pale maji marefu nyuma ya ule mwamba wa Bismarck ulioko ziwani.

Kesho yake nikakaa mwenyewe na yale machaguo. Unaweza kuzima kujumlisha, ukazima kutoa, ukabakiza kuzidisha peke yake, na namba unaandika unazotaka wewe. Nikaweka 2 mpaka 5 mara 2 mpaka 9. Njiti zikapanda zenyewe, dakika kumi njiti 60 na kitu mpaka kiberiti kikaisha nikaanza kutumia maharage.

Lakini mapacha ni watu wawili jamani. Doto akiona sekunde zinahesabu kurudi nyuma anachangamka kama mtu wa boda. Kulwa akiziona anaganda, tumbo linamuuma, jibu analolijua linapotea. Nikajaribu kumwongezea muda, pale inaruhusu hadi sekunde 600, bado macho yake yako kwenye saa sio kwenye swali. Mwisho nikachukua plasta ya kidonda nikabandika juu ya kioo cha simu pale zinapoandikwa sekunde na alama. Basi. Akacheza. Simu yangu ikawa inaenda sokoni na plasta, wateja wananiuliza mama simu imeumia?

Kitu kingine ambacho gemu haikunifanyia ni kuniambia mtoto anakwama wapi hasa. Inatoa alama tu mwisho. Kwahiyo nikawa nakaa na chaki, swali analochelewa naliandika nyuma ya mlango. Na hapa nikagundua jambo lililonipunguzia presha. Tebo ya 2 mpaka ya 9 inaonekana mlima, ni vitu 64, lakini 3 mara 7 na 7 mara 3 ni kitu kimoja, ukiondoa marudio zinabaki 36. Toa za mbili na za tano ambazo kila mtoto anazijua, zinabaki 21 tu. Na katika hizo 21 Kulwa alikuwa hajui 9. Tisa tu! Mtoto anaonekana hajui hesabu kumbe ana deni la vitu tisa. Za 6, 7 na 8 zikipishana zenyewe kwa zenyewe ndo zilikuwa mbaya, hasa 7 mara 8, hata Doto ilimsumbua, na mi mwenyewe nikiulizwa ghafla nameza mate kwanza. Za tisa niliwaonyesha kwa vidole vile vile walivyokatazwa, unanyoosha kumi, 9 mara 7 unakunja kidole cha saba, kushoto vimebaki sita kulia vitatu, sitini na tatu. Kulwa alicheka sana, kumbe vidole vinaruhusiwa.

Ratiba yetu ilifuata mwezi, na hii labda mtu wa mbali hataielewa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa, boti nyingi za visiwani zinapumzika, na sie wa Mwaloni tunakuwa hatuna mzigo. Siku za giza naamka saa tisa usiku, jioni nimechoka, kwahiyo ni dakika kumi tu baada ya kula na simu inarudi kwenye chaji kama umeme upo. Siku za mbalamwezi ndo tunakaa, tunafuta mlango, tunaandika upya.

Kuna mahali gemu zote ziligonga ukuta, ni kwenye kutoa kwa kukopa hasa penye sifuri. 302 toa 178. Zetamac inataka jibu tu, haikuonyeshi njia, GCompris nayo haikutuvusha hapo. Kulwa alikuwa anaandika 276, anatoa ndogo kwenye kubwa popote anapoiona, juu iwe chini. Nikalala nalo. Asubuhi nikiwa sokoni nikachukua noti tatu za elfu kumi na sarafu mbili za mia, jioni nikamwekea mezani, nikamwambia una 30,200, unadaiwa 17,800, nilipe, na mimi sina chenji. Akazitazama. Akasema mama siwezi kukulipa, sina buku buku. Sasa unafanyaje? Akachukua noti moja ya elfu kumi akaenda kwa mangi mwenye duka pale mlangoni (kwa miguu yake kabisa, mi nasubiri), akarudi na buku kumi. Akaanza kunihesabia, akakwama kwenye mia nane, akaenda tena kwa mangi na buku moja, mangi akanung'unika lakini akampa mia kumi. Akanilipa 17,800, akabaki na noti moja ya kumi, buku mbili na mia nne. Nikamwandikia 302 toa 178 pembeni yake. Akaangalia pesa, akaangalia karatasi, akasema, "Mama, kumbe kukopa ni kuchenji." Mwalimu wao nilipomsimulia aliandika kwenye daftari lake.

Mwezi wa saba wakafanya jaribio lingine, Doto 40, Kulwa 27. Sio muujiza, na maswali ya maelezo bado yanamtoa jasho, na kugawanya kwenye baki tumeanza juzi juzi tu na upimaji wa darasa la nne unakuja. Lakini kamaliza karatasi yote, ukurasa wa mwisho umejazwa, na viatu vimekaa miguuni.

Wiki iliyopita mbalamwezi ilirudi, tumekaa nje mlangoni, Doto kacheza dakika mbili kapata 34, mi nikacheza nikapata 22 akanicheka mbele ya majirani. Kulwa akachukua simu, akaibandua plasta mwenyewe kwa kucha, akaigandisha kwenye goti. Hatukusema kitu. Akacheza hizo dakika mbili huku mguu unatikisika, akapata 19. Akaiangalia ile 19, akaibandua plasta gotini, akairudisha kwenye kioo.